Jipsam imeingia maji: ubandike kiraka au ung'oe bodi nzima?

Unaamka asubuhi unaangalia juu unakuta doa la rangi ya chai kwenye silingi, kubwa kama sinia, na jana halikuwepo. Mvua imepiga usiku kucha. Hapo watu wengi hufanya moja kati ya mambo mawili na yote mawili yanawatia hasara. Kuna anaeenda kununua kopo la rangi nyeupe anapaka juu, wiki mbili haziishi doa limerudi. Na kuna anaeita fundi, fundi hata ngazi hajapanda ashasema "hii yote itoke", silingi ya chumba kizima inashushwa na pengine bodi moja tu ndio ilikua imeharibika.

Mie kazi yangu ni hii ya jipsam, zile bodi za silingi na partisheni (kuta za kugawa vyumba), nimeifanya hapa Mombasa: Nyali, Tudor, Kizingo, Likoni, Kisauni huko ndani, na naandika manake inaniuma sana kuona mtu analipa mara mbili kwa shida moja. Doa peke yake halikwambii kama bodi imekufa. Kinachoamua ni maji yametoka wapi, yamekaa muda gani, na ukiishika hio bodi bado ina nguvu au la. Na katika hayo, muda ndio mkubwa kuliko yote, nitaeleza.

Lakini kabla ya kuanza kuangalia chochote zima umeme wa hicho chumba kwenye mein swichi, hasa kama una zile taa za kuzama kwenye silingi, maji hupenda kutafuta tundu la taa ndio yashukie hapo. Na kama silingi imefura kama tumbo, usisimame chini yake. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mtungi mmoja wa lita 20 ukiwa umejikusanya hapo juu ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye karatasi iliyolowa. Toa watoto chumbani, weka ndoo, simama kwa pembeni, alafu toboa tundu dogo kwa bisibisi pale palipofura ili maji yashuke taratibu. Hio sehemu utaikata tu baadae kwa hivyo usiionee huruma.

Sasa maji yametoka wapi. Hapa ndio kazi ilipo na hapa ndio watu hawana subira. Ukibadilisha bodi na maji bado yanakuja, umenunua bodi nyingine ya kuharibu. Njia rahisi ni kujiuliza doa linakua lini. Likikua siku za mvua pekee, angalia juu: mabati, gata, slabu. Hapa kwetu upepo wa baharini una chumvi na misumari ya mabati inaliwa kutu mapema, ile raba yake inakauka inapasuka, tundu halionekani kwa macho lakini mvua ya kusi ikija na upepo inaingia kwa ubavu. Likikua kila siku, mvua jua, hio ni paipu au tangi, funga mifereji yote ya nyumba alafu nenda ukaangalie mita ya maji, kama bado inazunguka basi kuna paipu inavuja mahali. Likikua baada ya watu kuoga ni bafu la juu. Na likikua wakati wa joto ambapo hata wingu hakuna, angalia esi (kiyoyozi).

Kuna mama mmoja Tudor aliniita mwezi wa Januari, kaskazi imekaza, jua la kuchoma. Nimefika namwambia shikamoo mama, ananambia marahaba mwanangu, hebu ingia uone hii balaa, nimepaka rangi mara tatu. Nikamuuliza,

"Mama, hili doa huongezeka wakati gani?"

"Mvua yenyewe hakuna, fundi, na kila asubuhi nikiamka naona limezidi."

"Na esi huwashwa saa ngapi?"

"Usiku tu, wajukuu wakilala."

Nikafungua kipande kidogo, kile kipaipu cha kutoa maji ya esi kimeziba na utelezi na vumbi, maji yamejaa kwenye sinia yake ya ndani yanamwagika juu ya silingi kidogo kidogo. Tone tone tu, maji masafi kabisa. Lakini yalikua yanashuka tangu Oktoba, na ile bodi ya chini yake nilipoibonyeza dole gumba liliingia kama kwenye boflo. Hio haikua na dawa. Bodi tatu za kando yake zilikua na madoa vilevile na watu walishamwambia zote zitoke, nikazipima zikawa nzima, tukaziacha. Akabadilisha moja.

Linganisha na jamaa wa Kisauni ambae boya la tangi lilikwama usiku, tangi likafurika, maji yakamwagika juu ya silingi mengi mpaka sebule ikawa bwawa. Ukiona ungesema hapa hakuna cha kuokoa. Lakini aliamka saa kumi alfajiri akafunga maji, akatoboa silingi pale palipofura, akafungua madirisha na kuwasha feni asubuhi ile ile, na palikua na jua. Baada ya siku kadhaa nilikata kipande kimoja tu, pale alipotoboa. Zile nyingine ziko mpaka leo. Maji mengi ya masaa matatu yalimuachia silingi yake, na tone la miezi mitatu lilimharibia yule mama.

Sababu yake ni hivi. Jipsam ni unga wa jasi uliogandishwa katikati ya karatasi mbili, na nguvu ya bodi kwa sehemu kubwa iko kwenye karatasi. Ikilowa mara moja ikakauka haraka, jasi inarudi ngumu na karatasi inabaki imeshika. Ikikaa na maji, gundi inaachia, karatasi inabanduka, jasi inalainika inakua kama chaki iliyolowa, na ile karatasi sasa ni chakula cha ukungu. Ukungu unaweza kuanza ndani ya masaa 24 mpaka 48 kwenye kitu kilicholowa, na kwa unyevu wa hewa yetu hii ya pwani usitegemee kupewa muda wa ziada. Kwa hivyo siku mbili ndio mpaka wangu. Kama maji yalikua masafi na ndani ya siku mbili umeanza kukausha kweli kweli, una nafasi nzuri ya kuokoa. Ikipita hapo, anza kwa kudhani imeharibika mpaka bodi yenyewe ikuoneshe vingine.

Usafi wa maji nao ni muhimu. Ya mvua, ya tangi, ya esi, hayo tunaongea. Ya bafuni na ya mashine ya kufulia, ukiwahi unaweza kujaribu lakini kuwa mkali. Maji ya choo, na maji ya mafuriko yaliyopita barabarani na kwenye mitaro, hapo hakuna mjadala, kilichogusana nayo kinatoka hata kama kimekauka na kinaonekana kigumu, manake uchafu umeshaingia ndani ya karatasi na huwezi kuuosha. Mvua za El Niño za Novemba 2023 ziliingia kwenye nyumba nyingi hapa Mombasa, na nimeona watu wamepanguza partisheni za jipsam kwa kitambaa na sabuni wakaendelea kulala humo na watoto. Tafadhali usifanye hivyo. Kifua cha mtoto ni ghali kuliko bodi.

Haya, tuipime. Bonyeza kwa dole gumba sehemu isiyo na doa alafu sehemu yenye doa. Ikiwa sawa sawa, vizuri. Ikibonyea kidogo na bado imelowa, usiamue leo, subiri ikauke ubonyeze tena. Ikibonyea na ishakauka, itoe. Gonga na vifundo vya vidole, bodi nzima ina sauti kavu ya juu, iliyokufa inatoa sauti nzito ya kufifia kama unagonga godoro. Angalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimechomoza au vimezama na kuacha kishimo maana yake bodi inateleza kutoka kwenye chaneli, zile reli za chuma zinazoishika. Angalia karatasi imefanya malengelenge au imebanduka. Alafu nusa, kweli, weka pua karibu, harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, ile ya nguo zilizoanikwa zikakosa jua, inakwambia kuna kitu nyuma hata kama mbele ni safi.

Kwa silingi kuna kipimo kimoja zaidi, uzi. Vuta uzi kutoka kona ya bodi moja mpaka nyingine ukaze. Ikiwa silingi imeshuka chini ya uzi, na imekauka, na bado imeshuka, hio haitarudi. Usidanganywe ati itasukumwa na skrubu za ziada. Ikishapinda imepinda, ukiivuta kwa skrubu karatasi inachanika na siku moja inashuka yote. Ndio maana kwa silingi mie huwa mkali kuliko kwa ukuta, ukuta ukiharibika unaona aibu kwa wageni, silingi ikiharibika inamuangukia mtu.

Na lazima uone nyuma. Sijui niseme vipi ili watu wanielewe, lakini mbele ya bodi ni nusu ya habari. Chomoa taa moja ya kuzama, washa tochi ya simu, chungulia. Au kata tundu la upana wa kiganja pale pabaya kuliko pote. Ukikuta madoadoa meusi au ya kijani upande wa nyuma, bodi hio inatoka, usiipake jiki ukadhani umemaliza. Jiki inafaa kwenye taili, kwenye karatasi ya bodi inachubua rangi juu na mizizi inabaki ndani, na juu ya hapo umeongeza maji. Na wallahi usichanganye jiki na dawa ya choo ile ya asidi ati iwe kali zaidi, inatoa gesi ya sumu. Unapotoa bodi yenye ukungu vaa barakoa ile nene ya N95, funga mlango wa chumba, zima feni, ing'oe vipande vikubwa, tia kwenye gunia au karatasi ya nailoni hapo hapo. Usiipige msasa ikiwa kavu, utausambaza nyumba nzima.

Onyo moja kwa wenye nyumba za zamani: ikiwa hio bodi si jipsam bali ni zile shiti za asbestosi, iwe paa au silingi, usikate usivunje usitoboe, mtafute mwenye kibali cha kuziondoa.

Sasa kukausha, na hapa Mombasa hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu anafungua madirisha usiku kucha mwezi wa Mei, mvua inanyesha, hewa yenyewe imelowa, anashangaa baada ya wiki bodi bado baridi. Hewa ya nje ikiwa na unyevu kuliko ya ndani unaleta maji badala ya kuyatoa. Fungua mchana jua likiwaka, feni moja ielekee kwenye bodi na nyingine itoe hewa nje, jioni funga, kama una esi iwashe usiku manake esi inanyonya unyevu. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, siku nne tano zinatosha mara nyingi. Wakati wa kusi mvua zikiwa zimekolea, hesabu wiki mbili na usione haya kumwambia fundi asubiri. Kama ukuta una rangi ya mafuta au wolpepa au zile paneli za plastiki, maji yamefungiwa humo, bandua, la sivyo hautakauka.

Utajuaje imekauka? Ukiwa na kile kipimo cha unyevu chenye sindano mbili, pima sehemu yenye doa na upime ukuta wa chumba kingine kikavu kabisa cha nyumba hio hio, vikifika karibu sawa umekauka. Namba za kwenye kijitabu chake usizishike sana, huko walikoziandika hewa si kama yetu. Huna kipimo, gusa kwa nyuma ya mkono, palipolowa huwa pa baridi. Na hata ukiridhika ongeza siku mbili.

Njia nyingine naipenda ni penseli. Zungushia doa mstari kwenye ukingo wake, andika tarehe, piga picha. Mvua mbili zikipita doa halijavuka mstari, chanzo umekiziba. Mpangaji, hizo picha na tarehe mtumie mwenye nyumba siku ile ile, mapema, kwa heshima, itakusaidia mbele mkianza kuulizana nani analipa.

Tuseme umeamua bodi iko sawa, imebaki doa tu. Kwangua rangi iliyobanduka, piga msasa kidogo, alafu kabla ya rangi ya maji lazima upake praima ya mafuta ya kuzuia doa. Hii ndio siri ya yule aliyepaka mara tatu. Rangi ya maji inayeyusha lile doa na kulivuta juu tena, hata ukipaka mara kumi. Praima ya mafuta inalifungia chini. Mkono mmoja, ikauke, mkono wa pili kama bado linaonekana kwa mbali, alafu rangi yako ya silingi. Paka silingi yote kona mpaka kona, ukipaka kiraka tu kitaonekana.

Ukiamua kukata, swali linalofuata ni kiraka au bodi nzima. Bodi nyingi tunazotumia hapa ni mita 1.2 kwa 2.4. Kanuni yangu, na mafundi wengine watakua na yao: ubovu ukizidi kama theluthi ya bodi, au ukigusa jointi mbili, toa bodi nzima. Kiraka kikubwa kina kingo nne za kuziba na kulainisha, na bodi nzima inakaa kwenye jointi zilezile za zamani, kazi ni ile ile au inapungua, na inatoka nyoofu zaidi.

Kiraka chenyewe, kata mraba, usifuate umbo la doa. Nenda mpaka upate bodi ngumu alafu ongeza sentimita 10 kila upande. Makali yaangukie katikati ya chaneli, kama hakuna chaneli tia kipande cha chaneli au ubao nyuma ndio kiraka kipate pa kushikia. Hakikisha unene ni ule ule, silingi nyingi ni milimita 9 na partisheni 12, ukichanganya utapata ngazi haifichiki kwa fila yoyote (ule uji wa kuzibia jointi). Angalia chaneli zenyewe, kutu ya juu juu isugue upake rangi ya zinki, lakini ikiwa imeliwa mpaka inamenyeka badilisha, na kwa chumvi yetu hii usinunue chaneli nyepesi isiyopakwa zinki ya kutosha. Skrubu kila sentimita 20 kwa silingi, 30 kwa ukuta, kichwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi.

Tepu kwenye jointi, fila mikono mitatu, kila mkono upana zaidi ya ule wa kwanza. Kipindi cha mvua tumia fila ya unga unayochanganya na maji, ile inagandishwa na kemia yake yenyewe. Ile ya ndoo iliyokorogwa tayari inasubiri hewa iikaushe na mwezi wa Mei hewa haina haraka, utapiga msasa juu ya kitu kibichi.

Partisheni iliyoingiwa na maji kwa chini ina mambo yake. Bodi inanyonya maji kupanda juu kama utambi wa taa, kwa hivyo kata sentimita 30 juu ya alama ya maji, si kwenye alama. Mara nyingi mie nakata mita 1.2 sawa sawa kote, manake ndio upana wa bodi, unailaza inaingia bila kupoteza kitu. Unapoirudisha acha nafasi ya sentimita moja kutoka sakafuni, kibao cha chini kitaifunika. Hapa kwetu watu wanadeki kwa kumwaga maji, na bodi iliyokaa juu ya taili inakunywa kila Ijumaa.

Bafuni na jikoni rudisha ile bodi ya jipsam ya kijani, lakini ujue inavumilia unyevu wa hewa tu, ikikaa na maji inakufa kama nyeupe. Ndani ya sehemu ya kuogea weka bodi ya saruji. Na kama ukuta ni wa mawe ya matumbawe, zile nyumba za Mji wa Kale au Kibokoni, na unaona unga mweupe wa chumvi unatoka, usibandike jipsam moja kwa moja juu yake hata uambiwe nini. Hayo mawe yanapumua unyevu na chumvi mwaka mzima, jipsam itavimba mvua au hakuna mvua. Piga lipu ya chokaa uache ukuta upumue.

Mwisho kabla hujafunga silingi, mwambie fundi akuachie kidirisha cha sentimita 45 kwa 45 chini ya esi au chini ya bafu la juu, kinachofunguka bila kubomoa. Kila mwanzo wa Machi, kabla mvua hazijaanza, panda na tochi uangalie kama kile kipaipu cha esi kinatiririka.